Tulivyoihamisha Programu ya Bwana Madi

Siku mliyoniaga pale kwenye ukumbi wa wauguzi, mmoja wenu alisema, "Bi Rukia atuandikie, asije akaondoka na kila kitu kichwani." Nilicheka, nikadhani ni maneno ya keki. Sasa nimeketi nyumbani, asubuhi hazina haraka tena, nami naona alisema kweli. Vyeo na mishahara nitaviacha, hivyo viko kwenye faili na faili hazikosi wasomaji. Nitawaandikia habari ya Mwito, hiyo programu mnayoifungua kila mgonjwa anapohitaji damu, na jinsi tulivyoitoa katika lugha iliyozeeka tukaitia katika lugha nyepesi. Nyinyi mmeikuta ipo tu, kama ngazi za bandarini. Lakini ilikuwa na mwenyewe.

Niliajiriwa kuwa karani wa kadi za wagonjwa. Siku ya kwanza nilielekezwa kwenye chumba kilichokuwa stoo ya magongo na vitanda vibovu. Nilimkuta mwanamume mwenye kofia ya vito ameingiza kichwa ndani ya sanduku la kompyuta, mkononi ana pampu ya kutilia mipira pumzi. Hakugeuka kunitazama.

"Nishikia taa," alisema. Nikaishika. "Wauona munyu huu?"

Niliuona. Chumvi nyeupe ilikuwa imeota juu ya vyuma kama ukungu juu ya mkate.

"Watakwambia adui wa kompyuta ni virusi. Hapa Amu adui ni hewa. Piga pumzi hapa, kisha sugua haya meno ya shaba kwa raba ya shule. Pole pole, kama wamsafisha mtoto masikio."

Huyo ndiye Bwana Madi. Alianza maisha akiwa fundi wa redio pale mtaa wa Langoni, akaja hospitalini kutengeneza simu ya upepo iliyotuunganisha na zahanati za visiwani, na hakuondoka tena. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, ikawa hakuna mtu aliyejua ya nini, yeye alikwenda Mombasa kwa pesa zake akasoma lugha ya Paskali, akarudi na kitabu kilichokwisha jalada. Mashine aliifunika leso kila jioni, na asubuhi aliifunua kwa bismillahi. Nilidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha.

Sababu ya yeye kuandika Mwito nilielezwa na wauguzi kwanza, kisha naye mwenyewe, mara moja tu, akiwa amenipa mgongo. Alikuwa na binti mmoja, Mwanaidi, aliyeolewa kisiwani Kiwayu. Alipojifungua alitokwa na damu nyingi, wakamleta Amu kwa mashua. Alifika hai. Kundi lake la damu ni la wachache, na hospitali yetu haikuwa na benki ya damu, bado inategemea watu walio hai watembeao na damu zao. Walitumwa watu kila mtaa kuuliza nani ana damu ile. Hakupatikana mtu. Matanga yalipokwisha, mkulima mmoja wa Mbwajumali, kisiwani Pate, alikuja kutoa pole, akasema katika mazungumzo kwamba yeye aliwahi kupimwa, na damu yake ni hiyo hiyo. Alikuwa shambani siku ile. Hakuna aliyejua kwamba ni yeye wa kuitwa.

"Mtu alikuwako, Rukia," Bwana Madi aliniambia. "Damu ilikuwako. Kilichokosekana ni kuyua."

Basi akaandika Mwito. Nani ana kundi gani, anakaa kijiji gani, alitoa damu lini mwisho, na je, kwa maji ya saa hii anaweza kufika Amu? Maana mnajua nyote, chombo cha kutoka Pate hupita mkondo wa Mkanda, na Mkanda maji yakipwa huwa ni matope na mikoko. Programu ilihesabu umri wa mwezi, ikajua kama ni bamvua, maji yajaapo na kupwa sana, au maji mafu, ikapanga majina kwa mtu atakayefika mapema. Kisha sisi tulipiga simu ya upepo.

Alinisomesha Paskali kwa ukali na kwa kahawa. Ni lugha yenye adabu zake. Huwezi kutumia kitu kabla hujakitaja ni nani na ni wa ukoo gani. Bwana Madi alisema ndiyo sababu ilimfaa mtu wa Amu. Ukisahau nukta mkato moja, mashine husimama na kukukabili kama shangazi mlangoni. Nililia mara nyingi mbele ya ile skrini ya buluu. Lakini nilijifunza, na miaka ikapita tukiwa wawili katika kile chumba, na watu wengi wakapata damu, na wengine hawakupata. Msije mkaambiwa kwamba Mwito iliokoa kila mtu. Ilituambia nani wa kumwita, basi. Wako waliokufa na damu iko kwenye mashua, inakuja.

Bwana Madi alistaafu, nikabaki na mashine mbili za kale. Betri ya saa ndani ya moja ilikufa, na vipuri vyake havikupatikana tena, ikawa kila asubuhi lazima uiambie leo ni siku gani kabla ya kuanza kazi. Ukisahau kuiambia, ilihesabu maji ya tarehe ya kuzaliwa kwake, na ikakuletea majina ya watu wasioweza kufika.

Ishara ya kwanza kwa Bwana Madi ilikuja asubuhi moja alipoingia ofisini, akavua viatu, akauliza disketi ya akiba iko wapi. Nikampa. Akaitazama pande zote mbili. "Ya nini hii?" aliuliza. Nilidhani anatania. Miezi michache baadaye watoto wa madrasa walimkuta amesimama kwenye kichochoro nyuma ya msikiti aliosomea, amepotewa na ndia ya kwao. Mtu wa Amu kupotea Amu. Walimshika mkono wakamfikisha kwa mkewe, Bi Esha, na Bi Esha aliwapa kashata, akafunga mlango, ndipo akalia. Haya aliniambia yeye mwenyewe.

Wakati huo ndipo alipoletwa Mutua, kijana wa Machakos, amesomea kompyuta chuo kikuu. Alifika na begi mgongoni, akatapika kwenye boti ya kutoka Mokowe, na siku ya pili alikuwa ameshafungua mashine zote. Alinionyesha alichokiona: ubao mkuu wa mashine nzuri umepasuka. Mashine mpya, alisema, haziwezi kuendesha programu ile vile ilivyo. Alijaribu kuivalisha mashine mpya vazi la mashine ya zamani, na kweli Mwito ilifunguka ndani yake, lakini ilikuwa kama mgonjwa kwenye chumba cha kioo. Haikuweza kutuma ujumbe wa simu, wala kuzungumza na printa.

"Madam," aliniambia, "hii kitu lazima iandikwe upya. Na si kwa Pascal. Nikiondoka mimi na wewe uki-retire, nani ataisoma?"

Mganga mkuu alikubali, akatupa muda mpaka mvua za masika ziishe. Tukaanza kutafuta lugha.

Nataka muijue sehemu hii vizuri kwa sababu mtakutana nayo tena, nayo hufika na watu wenye suti. Waliwahi kutujia wauzaji na mfumo mzuri wa rangi, ulioandikwa kwa Java. Tuliujaribu kwenye kompyuta ya zahanati ya Mbwajumali, inayokula umeme wa jua. Ulimeza kumbukumbu yote ya mashine, betri ikaisha kabla ukurasa wa kwanza haujatulia. Mutua yeye alikuwa mpenzi wa Paithoni, na simlaumu, ni lugha ya kusomeka. Lakini kwenye mashine zile kuukuu ilijivuta sana, na kila alichotaka kuongeza kilidai kwanza kiteremshwe kwenye mtandao. Mtandao wa Kiwayu siku zile ulikuwa ni kupanda juu ya tangi la maji na kuinua simu.

Ni Mutua mwenyewe aliyekuja na Lua. Alikuwa ameitumia chuoni kwenye michezo ya kompyuta, akaona haya kuitaja. Yote pamoja ilikuwa ndogo kiasi kwamba ingeingia kwenye disketi moja ya Bwana Madi na nafasi ikabaki. Haikutaka kusakinishwa, unaibeba kwenye flashi, unaichomeka, inafanya kazi. Na ilihesabu orodha kuanzia moja, si sifuri, kama tulivyozoea kwenye Paskali yetu, hivyo mahesabu mengi yangehama bila kuvunjwa viungo. Pale Mbwajumali ilifunguka kabla muuguzi hajamaliza kuvuta kiti.

"Ni nyepesi, Madam," alisema Mutua. "Lakini ina tabia zake."

Tukaichagua. Nikadhani kazi ngumu imekwisha.

Kumbe kazi ngumu ilikuwa ni kuielewa Mwito yenyewe. Nilikuwa nimeitumia miaka yote hiyo, nimeirekebisha hapa na pale, lakini moyo wake hakuna aliyeugusa ila Bwana Madi, na Bwana Madi hakuandika maelezo pembeni. Kulikuwa na mistari ambayo Mutua aliitazama kama mtu anayetazama herufi za kaburini. Kwa nini kila Ijumaa adhuhuri programu inaongeza muda? Hilo nilimjibu mimi: wanaume wako msikitini, simu hazipokelewi. Kwa nini haiiti watu wawili wa nyumba moja, hata wakiwa wote wana damu inayotakiwa? Hilo sikulijua. Tukachapisha kurasa, tukaenda kwa Bwana Madi.

Tulimkuta ameketi kiwandani, ule ua wa ndani ya nyumba, pale ukuta unapotupa kivuli. Hakumjua Mutua, na mimi alinijua nusu. Lakini alipoishika karatasi mikono yake ilitulia. Alifuata mistari kwa kidole, midomo ikicheza.

"Wawili wa nyumba moya," alisema, "hawapandi chombo kimoya. Chombo chaweza kupinduka. Utamwambia nini mama yao?"

Mutua aliandika.

Siku ile tulifurahi. Mtu hakumbuki alichokula asubuhi, lakini anakumbuka kila tanzu, kila kipande cha programu aliyoiandika ujanani! Bi Esha alituletea kahawa, naye akafurahi kumsikia mumewe akizungumza kama zamani. Mutua akamwambia Bwana Madi kwamba lugha mpya inaitwa Lua, na kwa Kireno maana yake ni mwezi.

"Mwezi?" Bwana Madi aliuliza. "Mwezi gani huu?"

"Ni Shaabani," alisema Bi Esha.

"Shaabani! Nami nina arusi Shaabani!" Akainuka kutafuta kanzu yake.

"Keti, bwana. Bado," Bi Esha alimwambia, na bibi arusi mwenyewe ndiye aliyekuwa ameshika sinia. "Arusi ni Ijumaa."

Akaketi. Sote tulicheka kidogo, naye akacheka.

Tulirudi mara kadhaa. Kila mara alitufungulia jambo moja au mawili. Kisha tukafika kwenye tanzu la Kiwayu, ambalo lilikuwa na hesabu yake ya maji, tofauti na vijiji vyote vingine, na namba ambazo hatukujua zimetoka wapi. Nikaweka karatasi mbele yake. Alianza kuisoma kama kawaida. Kidole kikasimama.

"Mwanaidi yuko Kiwayu," alisema. Akamgeukia Bi Esha. "Ameshafika?"

Bi Esha alinitazama kwanza. Kisha akajibu polepole, "Mwanaidi alifariki, bwana. Zamani sana."

Naapa sijapata kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Kwake yeye ilikuwa ndiyo kwanza anaambiwa. Alilia kama wanavyolia watu mlangoni kwa maiti, akauliza alikuwa na nani, akauliza kwa nini hakuitwa, akataka kwenda kuosha uso ili awahi mazishi. Mutua alitoka nje akasimama kichochoroni. Mimi nilikusanya karatasi moja moja kwa kuwa sikujua la kufanya na mikono yangu.

Baada ya siku chache nikarudi, nikidhani jambo lile limekwisha. Nilipoanza kufungua mkoba, Bi Esha alinivuta chumba cha ndani.

"Rukia, mwanangu, nakuomba. Mukiya na makaratasi yale, yeye huingia Kiwayu. Na akiingia Kiwayu hatoki. Nyinyi mwenda zenu, mimi nabaki naye. Jioni amesahau kilichomliza, lakini kilio hakijamsahau, hulia tu na hayui ni kwa nini."

"Bi Esha, ni tanzu moja limebaki. Kuna kina mama wa Kiwayu watakaohitaji kuitiwa watu. Tukikosea hesabu ya maji..."

"Nayua," alisema. "Na yule alikuwa mwanangu mimi pia."

Nilifunga mkoba.

Toka siku hiyo Bi Esha alibadilisha maneno. Bwana Madi alipomuuliza Mwanaidi yuko wapi, alimjibu, "Yu ndiani, anakuya." Naye akatulia. Akauliza tena baada ya muda, naye akamjibu hivyo hivyo, kwa sauti ile ile, kama mtu anayevuta tasbihi. Nilimsikia siku nyingi. Sikuweza kuelewa aliipata wapi nguvu ya kumngojesha mtu mwanawe marehemu, na yeye mwenyewe kumngoja pia.

Ofisini nilimwambia Mutua hatutakwenda tena. Nilitarajia abishe, maana masika ilikuwa inaisha. Akasema, "Basi nitaenda kuuliza bahari." Kijana yule yule aliyetapika kutoka Mokowe alipanda boti ya zahanati mpaka Kiwayu, akakaa kwa nahodha mmoja mzee, akapima maji kwa mti alioutia alama, bamvua na maji mafu, akaandika. Aliporudi ngozi ya pua ilikuwa imebambuka, na amejifunza kusema mai badala ya maji. Tukalinganisha vipimo vyake na zile namba. Bwana Madi alikuwa sahihi. Tukalihamisha tanzu lile kama lilivyo.

Mutua alisema Lua ina tabia zake, nanyi lazima mlijue hili. Paskali ukikosea jina la kitu hukuzuia mlangoni. Lua haikuzuii. Ukiandika jina kimakosa huona umeleta mgeni mpya, humkaribisha, na mgeni huyo hana kitu mkononi. Tuliziendesha programu mbili pamoja, ya kale na mpya, na hatukuiamini mpya mpaka zikubaliane. Asubuhi moja akaletwa mama wa Matondoni aliyezaa pacha, hali mbaya. Mashine ya kale ikatoa majina. Mpya ikatoa ukurasa mtupu, bila kulalamika, kwa adabu zake zote. Tukayaita majina ya mashine ya kale. Wawili wakafika kwa miguu, maabara ikawapima, na yule mama alipona. Sisi tukakaa na ule ukurasa mtupu. Nilikuwa nimeandika "kudi" mahali pa "kundi". Herufi moja. Mutua hakunilaumu. Alitia faili dogo linalokataa jina lolote lisilotangulizwa, ndilo lile mnaloliona juu kabisa. Msiliondoe hata kama linawakera. Ni shangazi wa mlangoni, tumemrudisha.

Baada ya hapo ile ya kale ikazimwa. Hapakuwa na sherehe. Mutua alitaka Bwana Madi aione mpya, nami niliogopa, lakini nilimuuliza Bi Esha, akasema, "Bora isiwe na Kiwayu ndani." Tukaenda na kompyuta ndogo ya kupakata bila karatasi hata moja. Bwana Madi aliitazama ile mistari kwa muda mrefu. Paskali angeitambua. Hii hakuitambua.

"Si yangu hii," alisema.

"Si yako, Mwalimu."

"Ni lugha gani?" Nikamwambia. Akasogeza kiti. "Basi nisomesheni."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Alasiri nyingi, kazi ikiisha, nilipita kwao na ile kompyuta. Somo lilikuwa moja: programu ndogo ya kumuuliza mtu jina lake na kumsalimu. Nilimwonyesha, akaandika kwa kidole kimoja, na mashine ikamwamkua kwa jina. "Imeniyua!" alisema, akacheka mpaka kofia ikamuanguka. Kesho yake hakukumbuka kitu, nikamsomesha tena, na akacheka tena kwa kicheko kile kile. Hatukufika somo la pili. Mtu aliyenisomesha mimi kwa ukali hakujua kwamba ananikawiza, nami sikukawia popote. Katika Paskali kila ndia ilimpeleka kwa mwanawe. Lua haikuwa na ndia hata moja iliyofika kule. Bi Esha aliliona hilo kabla yangu. Alikuwa akiketi karibu, anashona kofia, na wakati wa somo hakuulizwa neno juu ya Mwanaidi. Kwake zile zilikuwa saa za kupumzika.

Mutua alihamishwa bara. Bwana Madi akaanza kumsahau Bi Esha. Kwanza jina, kisha kwamba ni mke. Alimwita bibi, akamshukuru kwa kahawa kama mgeni mwenye malezi mema, na wakati mwingine aliniuliza kwa sauti ya chini nyumba hii ni ya nani, tusije tukawachosha wenyewe. Bi Esha alisikia. Aliendelea kushona.

Bwana Madi alifariki muda mfupi kabla ya mfungo wa mwaka uliofuata, usingizini, na akazikwa alasiri hiyo. Watu walijaa. Wengi walikuwa watu waliowahi kuitwa na Mwito, lakini hawakujua kwamba wanamzika aliyewaita, walikuja kwa sababu ni jirani. Sikumwambia yeyote. Ningeanzia wapi?

Ninalotaka kuwaachia ni alasiri moja kabla ya hapo, ya mwisho niliyomsomesha. Alikuwa ameshaandika jina lake, ameshacheka. Akanyanyua mato kutoka kwenye mashine, akamtazama Bi Esha aliyekuwa ameinamia kofia yake, na nadhani aliona haya kuketi nyumba ya mtu bila kuzungumza naye.

"Bibi," alimwambia, "nawe una wana?"

Sindano ilisimama. Miezi yote ile alikuwa amejibu jambo moja tu. Nilingoja aseme yuko ndiani. Lakini hakuulizwa na baba yake Mwanaidi. Aliulizwa na mgeni.

"Nalikuwa naye mmoya," alisema Bi Esha. "Alifariki akizaa."

Bwana Madi aliiweka kompyuta chini. Akajivuta kwenye mkeka mpaka karibu naye, si karibu mno, vile inavyompasa mtu mume kuketi na mke asiye wake, akainua mikono miwili.

"Msiba wa mwana ni mzito, bibi. Mngu amrehemu, akupe na wewe subira. Ina lake nani, nimuombee?"

Bi Esha alimtajia jina.

Alisoma Fatiha yote bila kukosea. Alipokwisha hakuondoka. Alibaki pale mbele yake, kichwa ameinamisha, kama anavyobaki mtu kwenye matanga mpaka mfiwa aseme. Na Bi Esha, ambaye sikuwahi kumwona akilia mbele ya mumewe hata mara moja, akajifunika uso kwa leso, akalia. Naye akawa anamwambia, "Lia, bibi. Lia. Sisi tuko."

Nilivaa buibui langu polepole, nikatoka, nikaufunga mlango nyuma yangu.